MADA YA 9: KOCHA NA MTEJA WAKE WA KWANZA

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza maana ya kocha na kumtofautisha na mwalimu, mshauri na mnasihi;
(b) kufafanua sifa za huduma na jinsi zinavyoathiri utafutaji wa wateja;
(c) kukokotoa bei ya kikao na idadi ya vikao inayorudisha gharama;
(d) kueleza hatua za kumpokea mteja mpya hadi kufikia makubaliano;
(e) kueleza mazingira ambayo kocha anapaswa kumwelekeza mteja kwa mtaalamu mwingine.

9.1 Utangulizi

Wengi wetu tunapolisikia neno kocha tunawaza uwanja wa mpira. Hata hivyo, siku hizi wapo makocha wasioshika filimbi wala kupanga kikosi. Hawa hukaa na mtu mmoja, ofisini au kwa simu, wakamsaidia kufikia lengo alilojiwekea katika kazi, biashara au masomo. Kazi hii hulipwa, hivyo ni biashara ya huduma kama ilivyo ya kinyozi, fundi simu au wakili.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Asili yake ni kijiji cha Kocs nchini Hungaria, kilichosifika kwa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Waingereza walilichukua neno hilo wakaliita gari hilo "coach". Katika karne ya 19, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford walianza kulitumia kwa utani kumtaja mwalimu wa pembeni aliyewavusha mtihani, kama gari linavyomfikisha abiria. Baadaye neno likahamia michezoni, na kutoka Kiingereza likaingia katika Kiswahili.

Kutoka michezoni neno likahamia tena kazini. Mwaka 1974 mwalimu wa tenisi wa Marekani, Timothy Gallwey, alichapisha kitabu The Inner Game of Tennis. Humo alieleza kuwa mchezaji hushindana pia na hofu na mashaka yaliyomo kichwani mwake. Mwaka 1992 Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa magari ya mashindano, aliyapeleka mawazo hayo maofisini kwa kitabu Coaching for Performance. Mwaka 1995 Thomas Leonard alianzisha nchini Marekani shirikisho la kimataifa la makocha, linalofahamika kwa kifupi kama ICF.

9.2 Tofauti kati ya kocha na wataalamu wengine

Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa kwa kuwachanganya wataalamu wafuatao:

(i) Mwalimu humpa mwanafunzi maarifa ambayo hakuwa nayo.
(ii) Mshauri wa biashara huchunguza tatizo na kupendekeza la kufanya. Mteja hulipia jibu.
(iii) Mnasihi humsaidia mtu mwenye maumivu ya moyo au akili, kwa mfano aliyefiwa au aliyenyanyaswa.
(iv) Kocha humsaidia mtu mwenye afya ya kawaida kutambua lengo lake, kupima njia zilizopo, kuchagua mojawapo na kuitekeleza. Uamuzi hubaki kwa mteja.

Mtu mmoja anaweza kuwa na ujuzi wa aina zaidi ya moja. Hata hivyo, ni lazima mteja ajue ni huduma ipi anayoilipia siku hiyo.

9.3 Kwa nini mteja wa kwanza ni mgumu kupatikana

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inafaa kwa embe sokoni, kwa sababu mnunuzi huliona, hulibonyeza na kulinusa kabla ya kutoa fedha. Huduma ya kocha haiwezi kubonyezwa. Ugumu huu unatokana na sifa nne za huduma:

(i) Haishikiki. Mteja hawezi kuiona kabla ya kuinunua, kwa hiyo hununua kwa kuamini.
(ii) Haitenganishwi na mtoaji. Kocha akiugua, hakuna kikao.
(iii) Hubadilikabadilika. Kikao cha asubuhi chaweza kuwa kizuri kuliko cha jioni ambapo kocha amechoka.
(iv) Haiwekwi ghalani. Saa ya Jumatatu iliyopita bila mteja imekwenda, haiuzwi Jumanne.

Kutokana na sifa ya kwanza, mteja wa kocha mchanga hutafuta kitu cha kumpa imani. Kitu hicho huwa ni maneno ya mtu anayemfahamu, au mazungumzo mafupi na kocha mwenyewe kabla ya kulipa.

9.4 Maandalizi kabla ya kutafuta wateja

(a) Mafunzo. ICF hutoa vyeti vya ngazi tatu. Ngazi ya kwanza inahitaji angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya kazi na wateja. Ya pili inahitaji saa 125 za mafunzo na saa 500 za kazi. Ya tatu inahitaji saa 200 za mafunzo na saa 2,500 za kazi. Kocha mwenye vikao vinne vya saa moja kwa wiki atazifikisha saa 100 baada ya wiki 25, yaani karibu miezi sita. Kwa hiyo anayeanza anapaswa kuziandika saa zake tangu siku ya kwanza.

(b) Kuchagua kundi la wateja. Kocha anayesema "namsaidia kila mtu" hakumbukwi na yeyote. Anayesema "nawasaidia wenye biashara ndogo kupanga ukuaji wake" ni rahisi kutajwa pale rafiki anapokutana na mwenye shida hiyo.

(c) Kurasimisha biashara. Nchini Tanzania, kocha hupata namba ya utambulisho wa mlipakodi kutoka TRA bila malipo, husajili jina la biashara BRELA na hufuatilia leseni ya biashara. Nchini Kenya, hupata namba ya KRA, husajili jina kupitia eCitizen na huomba kibali cha kaunti.

(d) Kupanga bei. Tazama mfano ufuatao.

Mfano wa 1

Kocha anayeanza ana gharama zisizobadilika za sh. 200,000 kwa mwezi (chumba, intaneti na simu). Anataka kubaki na sh. 600,000 baada ya gharama. Anaweza kuendesha vikao 40 kwa mwezi. Kokotoa:
(i) bei ya kikao kimoja;
(ii) idadi ya vikao inayorudisha gharama;
(iii) kitakachobaki iwapo ana wateja watatu tu, kila mmoja vikao vinne kwa mwezi.

Majibu
(i) Mapato yanayohitajika = 200,000 + 600,000 = sh. 800,000.
Bei ya kikao = 800,000 ÷ 40 = sh. 20,000.
(ii) Vikao vya kurudisha gharama = 200,000 ÷ 20,000 = vikao 10.
(iii) Vikao 12 × 20,000 = sh. 240,000. Kitakachobaki = 240,000 − 200,000 = sh. 40,000.

Jibu la (iii) lisomwe kwa makini. Kocha huyu amefanya kazi mwezi mzima akabaki na sh. 40,000, na nauli yake hatujaitoa. Mteja mmoja akiondoka, atabaki na vikao vinane, ambavyo havirudishi hata gharama. Ndiyo maana anayeanza hushauriwa asiache haraka kazi nyingine inayomwingizia kipato. Tutairudia hesabu hii katika kipengele cha 9.8, kwa kuwa inagusa maadili ya kazi yenyewe.

9.5 Njia za kuwapata wateja wa kwanza

(i) Watu wanaomfahamu. Kocha huwaeleza ndugu, majirani na aliosoma nao kazi anayoifanya. Haombi wamnunulie huduma. Huwauliza kama wanamfahamu mtu mwenye uhitaji huo.
(ii) Vikundi. VICOBA, vyama vya wafanyabiashara na vikundi vya vijana vya misikitini na makanisani hupenda mgeni wa kuzungumza nao. Mada ya dakika 20 huwaonjesha wasikilizaji huduma isiyoshikika.
(iii) Vikao vya mazoezi. Kocha anaweza kutoa vikao vichache bila malipo au kwa bei ndogo ili apate uzoefu. Ni lazima idadi yake itajwe mapema. Bila hivyo rafiki atageuka mteja wa bure wa kudumu, na kumdai baadaye kutaharibu urafiki.
(iv) Mitandao ya kijamii. Humfikisha kocha kwa wengi, lakini mteja huitumia zaidi kuthibitisha habari aliyokwisha kuisikia kwa mtu.
(v) Kuelekezwa na wateja wa awali. Njia hii huchelewa kuanza, ila ikianza ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Angalizo: Kocha hapaswi kuahidi matokeo, kama vile "utapata kazi ndani ya siku 30". Matokeo hutegemea juhudi za mteja na mambo mengine yaliyo nje ya uwezo wa kocha. Vilevile, haruhusiwi kutangaza habari za mteja bila idhini yake, hata kama ni za kumsifu.

9.6 Mazungumzo ya awali

Haya ni mazungumzo mafupi, kwa kawaida ya dakika 20 hadi 30 na bila malipo, ambayo kwayo kocha na mtu mwenye uhitaji hupimana. Makocha wengi hufuata utaratibu wa hatua nne uliosambazwa na kitabu cha Whitmore: lengo (unataka nini?), hali halisi (sasa ukoje?), njia zilizopo (unaweza kufanya nini?) na utashi (utafanya nini, lini?). Katika mazungumzo ya awali, hatua mbili za kwanza hutosha.

Mfano wa 2 (wa kubuni)

Mama mmoja mwenye karakana ya ushonaji mjini Morogoro ameelekezwa kwa kocha kijana. Ameletewa kazi ya kushona sare za shule na hajui kama aikubali.

Kocha: Shikamoo, mama.
Mama: Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye kocha? Mbona mdogo hivi?
Kocha: Ndiye mimi, mama. Karibu ukae. Kushona sijui, wala sitakufundisha kushona. Kazi yangu ni kukuuliza maswali ya kukusaidia kuona vizuri jambo unalotaka kuliamua. Leo tuna nusu saa, na haina malipo.
Mama: Haya. Mimi nataka uniambie tu, nichukue kazi ya sare au niache?
Kocha: Nimekusikia, mama. Jibu hilo unalo wewe, maana karakana unaijua wewe. Naomba nikuulize kwanza: miezi sita ijayo, mambo yakiwa yamekwenda vizuri, utaona nini pale kazini?
Mama: (Ananyamaza kidogo.) Nitaona mafundi wangu wanarudi nyumbani kabla ya giza kuingia. Sasa hivi tunakesha.
Kocha: Kwa hiyo kinachokusumbua ni sare, au ni kukesha?
Mama: Hee! Ni kukesha. Hata kazi tulizonazo hatuzimalizi.
Kocha: Ungependa vikao vyetu vishughulikie hilo?
Mama: Hilo hasa. Kwani bei yako ni kiasi gani?

Mambo ya kujifunza katika mfano huu:

(i) Kocha amemsalimu mama kwa heshima na hakukasirishwa na swali la umri. Kijana anaweza kuwa kocha wa mtu mzima mradi asijifanye anaijua kazi ya mwenzake kuliko yeye.
(ii) Ametaja mapema asichokifanya, muda na malipo.
(iii) Mama aliuliza jambo moja (sare), lakini shida yake ilikuwa nyingine (mpangilio wa kazi). Kama kocha angejibu "chukua" au "acha", shida ya kukesha isingeonekana.
(iv) Alipoulizwa swali zito, mama alinyamaza. Kocha hakuujaza ukimya huo kwa maneno.
(v) Bei imeulizwa na mteja baada ya kuona anachokinunua.

9.7 Makubaliano kati ya kocha na mteja

Mteja akikubali, pande mbili zimeingia katika mkataba. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, makubaliano huwa mkataba yanapofanywa kwa hiari ya watu wenye uwezo wa kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Mtu aliye chini ya miaka 18 hana uwezo huo, hivyo kocha wa wanafunzi huingia makubaliano na mzazi au mlezi. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa halali, lakini yakitokea mabishano ni vigumu kuyathibitisha. Hivyo yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja.

Mambo ya kuandikwa, kwa kutumia mfano wa mama wa Morogoro:

(i) Lengo: kupanga kazi za karakana ili mafundi wasikeshe.
(ii) Idadi na muda wa vikao: vikao sita vya dakika 60, kila Jumamosi saa 3 asubuhi.
(iii) Malipo: sh. 20,000 kwa kikao, jumla sh. 120,000, nusu kabla ya kikao cha kwanza, nusu kabla ya kikao cha nne.
(iv) Kuahirisha: mwenye udhuru atoe taarifa saa 24 kabla. Kumbuka kuwa huduma haiwekwi ghalani. Saa iliyopotea hairudi.
(v) Wajibu wa kila upande: kocha atakuwapo kwa wakati na kusikiliza, mteja atatekeleza hatua alizoziamua mwenyewe.
(vi) Usiri: kocha hatatoa habari za mteja, isipokuwa sheria ikimtaka au maisha ya mtu yakiwa hatarini.
(vii) Kusitisha: upande wowote unaweza kusitisha, na vikao vilivyolipiwa bila kufanyika vitarejeshewa fedha.

Kuhusu usiri, mwanafunzi akumbuke pia kuwa madaftari na jumbe za simu zenye habari za mteja zinahusika na sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilitunga sheria ya aina hiyo mwaka 2019. Jina na matatizo ya mteja si hadithi ya kijiweni.

9.8 Mteja ambaye kocha hapaswi kumpokea

Zipo hali ambazo mteja yuko tayari kulipa, lakini kocha anapaswa kukataa au kumwelekeza kwingine:

(i) Mteja amekosa usingizi au hamu ya kuishi kwa wiki nyingi, au anazungumzia kujiua. Huyu asiachwe peke yake, na asaidiwe kufika hospitalini kwa mtaalamu wa afya ya akili. Kumpangia kikao cha wiki ijayo ni kosa kubwa.
(ii) Mteja anapigwa au kunyanyaswa nyumbani. Anahitaji ulinzi, kwa mfano wa dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, pamoja na unasihi.
(iii) Mteja anahitaji jibu la kitaalamu, kama vile la sheria au kodi. Aelekezwe kwa wakili au mhasibu.
(iv) Mteja ameletwa kwa lazima na mwajiri au mzazi, naye mwenyewe hataki. Hiari ndiyo msingi wa kazi hii na wa mkataba wenyewe.

Sasa turudi kwenye Mfano wa 1. Kocha mwenye wateja watatu hubaki na sh. 40,000 kwa mwezi. Tuseme katika kikao cha pili mmoja wao anaanza kulia na kueleza kuwa tangu alipofiwa na mumewe haoni sababu ya kuamka. Kocha akimwelekeza hospitalini na kusitisha vikao, atakuwa na vikao vinane na hasara ya sh. 40,000. Akimbakiza, atapata kodi ya chumba, lakini atakuwa anauza huduma asiyokuwa na ujuzi nayo, na gharama yake inaweza kuwa uhai wa mtu.

Kwa hiyo maadili ya kocha hujaribiwa zaidi mwanzoni mwa kazi, wakati wateja ni wachache na fedha ni ngumu. Mwenye akiba au kipato kingine hukataa kwa urahisi zaidi. Hii ndiyo sababu hesabu ya gharama inaingia katika mjadala wa maadili: kocha aliyepanga fedha zake vizuri amejipa pia uhuru wa kusema hapana.

9.9 Muhtasari

Kocha humsaidia mteja kufikia uamuzi wake mwenyewe. Hamfundishi, hamtibu wala hamwamulii. Kwa kuwa huduma yake haishikiki, mteja wa kwanza hupatikana kwa kuaminiwa. Imani hiyo hujengwa kwa mazungumzo ya awali yaliyo wazi, makubaliano yaliyoandikwa, usiri, na ujasiri wa kumwelekeza kwingine mteja asiyefaa kuhudumiwa na kocha.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha kocha na mnasihi kwa kutumia mfano mmoja kwa kila mmoja.
2. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Jadili ukweli wa methali hii kwa biashara ya huduma. Toa hoja nne.
3. Kocha ana gharama zisizobadilika za sh. 150,000 kwa mwezi na hutoza sh. 15,000 kwa kikao.
(a) Ni vikao vingapi vitarudisha gharama zake?
(b) Atabaki na kiasi gani akiendesha vikao 22?
4. Eleza mambo matano yanayopaswa kuwamo katika makubaliano ya kocha na mteja.
5. Kijana anayeanza ukocha anasema: "Siwezi kumkataa mteja yeyote, nina njaa." Mshauri kwa hoja tatu.

Mwongozo wa majibu

Swali la 2: Mtahiniwa asikubali wala kupinga methali moja kwa moja. Aonyeshe kuwa huduma haionekani kabla ya kununuliwa, hivyo hata iliyo njema huhitaji kutangazwa. Kisha aonyeshe kuwa mteja aliyeridhika huwaelekeza wengine, na hapo ndipo chema huanza kujiuza.

Swali la 3: (a) 150,000 ÷ 15,000 = vikao 10. (b) (22 × 15,000) − 150,000 = 330,000 − 150,000 = sh. 180,000.

Swali la 5: Hoja ziguse usalama wa mteja, jina la kocha katika jamii, na haja ya kuwa na kipato kingine wakati wa kuanza. Mtahiniwa anayeeleza jinsi hoja ya tatu inavyorahisisha utekelezaji wa ile ya kwanza apewe alama zote.